Difu ya Lori na Kufuli Lake: Jinsi ya Kuchagua

Kila mtu akaaye katika nyanda za Ugogo aijua desturi ya nchi hii. Miezi mingi ya mwaka ardhi ni kavu na vumbi tupu. Kisha mwezi wa Desemba mvua huanza, na mpaka Aprili udongo mweusi wa mbugani hunata kama gundi. Ndipo tuonapo lori lenye shehena ya mtama au alizeti limekwama njiani. Gurudumu moja la nyuma lazunguka kwa kasi na kurusha matope, na mwenziwe, aliye juu ya ardhi ngumu, ametulia kimya.

Mzee mmoja mwenye lori aliniuliza, “Mwanangu, wewe umesoma. Mbona gurudumu lile zima halisaidii lenye shida? Na fundi aniambia ninunue kufuli la difu. Je, ninunue lipi?” Nilimjibu, “Mzee wangu, nipe muda nikueleze vema, maana fedha hizo si kidogo.” Nimeona yafaa niyaandike hapa maneno niliyomwambia, ili na wengine wayapate.

Kwanza, tujue kazi ya difu. Lori likikata kona, gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani. Ikiwa nafasi baina ya magurudumu ya nyuma ni mita 1.8, basi lori likizunguka duara zima, gurudumu la nje hutembea zaidi ya la ndani kwa mita 11 na kidogo. Kama yangefungwa pamoja katika shafti moja, moja lingeburuzwa, mpira ungelika na shafti ingeweza kukatika. Kwa ajili hiyo mna gia ndogo ndani ya difu ziyaachazo magurudumu yazunguke kwa kasi mbalimbali. Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, ndiye aliyetengeneza chombo cha namna hii kwa gari la mvuke katika miaka ya 1820.

Lakini chombo hiki kina udhaifu wake. Hugawa nguvu sawasawa kwa pande mbili, wala hakiwezi kuupa upande mmoja zaidi. Fikiri ng'ombe wawili wa plau chini ya nira moja iliyofungwa katikati. Mmoja akilegea, yule mwingine hata akivuta kwa nguvu zote, nira hupinda tu, plau haiendi. Ndivyo ilivyo difu. Tuseme matope yaweza kupokea nguvu ya kiasi cha 200, na ardhi kavu kiasi cha 2,000. Difu ya kawaida itatoa 200 huku na 200 huku, jumla 400 tu. Difu ikifungwa, twapata 200 na 2,000, yaani 2,200. Tofauti hiyo ndiyo itakayolitoa lori topeni.

Sasa tutazame aina zake.

Aina ya kwanza ni difu yenye sahani za klachi ndani yake. Hupunguza kuteleza, lakini haifungi kabisa. Gurudumu likining'inia hewani, msaada wake ni mdogo. Tena sahani hulika, na yataka oili yake maalumu. Yafaa zaidi kwa pikapu kuliko lori la mizigo.

Aina ya pili ni kufuli la meno lijifungalo lenyewe. Halina mpira wa hewa wala waya, nalo ni imara. Likienda moja kwa moja, magurudumu mawili huwa kitu kimoja. Katika kona gurudumu la nje huachiwa lipite. Ila hugonga kwa sauti, hula mipira, na juu ya lami yenye maji laweza kumshitua dereva asiyelizoea.

Aina ya tatu ni kufuli lifungwalo na dereva mwenyewe, kwa hewa, kwa umeme au kwa waya. Likifunguliwa, difu ni ya kawaida kabisa. Likifungwa, magurudumu yote mawili hushika pamoja. Lori lenye breki za hewa lina hewa tayari, kwa hiyo kazi ya kulifunga hupungua.

Iko na njia ya nne, nayo ni kuziunganisha gia za ndani kwa kuchomelea. Ni rahisi kwa bei, bali gharama zake huja baadaye: shafti hukatika, mipira huisha, na usukani huwa mzito katika kona. Mtu asidanganyike.

Mzee wangu alipaswa kuchagua ipi? Lori lake hukimbia juu ya lami kwenda Morogoro na Singida, kisha huingia njia za vijiji za Bahi na Chamwino kuchukua mazao. Mwenye safari za namna mbili yamfaa aina ya tatu. Mwenye gari lisiloondoka porini, naye hapendi vyombo vingi vya kuharibika, aweza kufikiri aina ya pili.

Kabla ya kutoa fedha, mambo haya yapimwe. Hesabu meno ya shafti za pembeni, yalingane na ya kufuli. Jua uwiano wa krauni na pinioni, maana kufuli jingine halikubali kila uwiano. Angalia unene wa shafti, kwa kuwa difu ikifungwa, shafti moja yaweza kubeba karibu nguvu yote peke yake. Mwisho, tafuta fundi ajuaye kupima nafasi baina ya meno ya krauni na pinioni. Akikosea hapo, difu italia kisha itavunjika. Na kama lori lina ekseli mbili za nyuma zisukumwazo, tazama kwanza kama lina kufuli la kati ya ekseli hizo.

Tena dereva afundishwe. Alifunge kufuli kabla ya kuingia matopeni, lori likiwa limesimama au likienda polepole, si wakati gurudumu linazunguka kwa kasi. Akifika ardhi ngumu alifungue mara moja. Wala asidhani kufuli ni daraja: korongo lililojaa maji huchukua lori na watu, liwe na kufuli au lisiwe nalo.

Tusisahau yaliyotokea Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mashamba makubwa ya karanga, wakaleta mashine nyingi mno. Udongo ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mashine zikaharibika, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Mashine hazikuchaguliwa kwa kuujua udongo.

Wahenga husema mchagua jembe si mkulima. Lakini anunuaye kufuli la difu bila kuchagua, jasho la mavuno yake litabaki mbugani pamoja na lori.