SOMO KWA WANACHAMA: POVU LA KUPULIZIA CHINI YA PAA LA BATI

Kamati ya mikopo ya chama cha akiba na mikopo imezoea kupima maombi ya vitu vinavyoonekana. Ng'ombe wa maziwa huhesabika, mashine ya kusaga husikika kijiji kizima, na bati mpya hung'aa hata mpita njia akaziona. Ombi la mkopo wa kupulizia povu chini ya paa ni la namna nyingine. Kazi ikishamalizika imefunikwa na dari. Kitu chenyewe hakiwezi kubanduliwa kikauzwa iwapo mkopaji atashindwa kulipa. Na fundi aliyekuja na mashine yake kwa siku moja au mbili huwa amekwisha ondoka kabla jua kali halijalijaribu paa. Ng'ombe akifa, ngozi yake yabaki. Kwa sababu hiyo yafaa wanachama na wajumbe wa kamati wafahamu povu hilo ni kitu gani, linafanya kazi gani, na linapimwaje kabla fedha za wenzao hazijatoka.

Joto la mchana na matone ya usiku

Jua la adhuhuri katika Afrika Mashariki huleta juu ya kila mita moja ya mraba nguvu inayokaribia wati 1,000, yaani sawa na pasi moja ya umeme. Bati lililoshika kutu hulipokea joto hilo kwa wingi na laweza kufikia nyuzi 60 au kuzidi. Unene wake haufiki nusu milimita, na chuma hupitisha joto kwa urahisi. Basi upande wa chini huwa na joto lile lile la upande wa juu.

Watu wengi hudhani kwamba hewa ya moto iliyo darini ndiyo inayowachoma. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ni mnururisho: bati hurusha joto kwenda chini, kama vile jiko la mkaa linavyochoma goti la mtu aliyeketi karibu nalo hata upepo ukivuma kati yao. Ndiyo maana kufungua madirisha peke yake hakuleti nafuu kubwa saa nane mchana.

Usiku mambo hugeuka. Bati hupoteza joto lake kuelekea anga wazi na kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mvuke utokao jikoni na katika pumzi za waliolala huligusa na kuwa maji. Mwenye nyumba huamka na kukuta matone, akamlaumu fundi kwa paa linalovuja, kumbe mvua haikunyesha. Pale ambapo magunia ya mahindi huwekwa darini, matone hayo si jambo dogo, kwani mahindi hayatakiwi kuwekwa yakiwa na unyevu uzidio asilimia 13.5.

Povu lenyewe

Povu hili ni poliyurethani, aina ya plastiki iliyovumbuliwa mwaka 1937 huko Leverkusen, Ujerumani, na Otto Bayer pamoja na wenzake. Huja katika mapipa mawili. Moja lina kemikali iitwayo aisosayaneti. La pili lina polioli pamoja na dawa za kuharakisha na za kuumua. Pampu huzisukuma kemikali hizo kwa moto na kwa kiasi kilicho sawa, zikakutana kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia. Katika muda wa sekunde chache mchanganyiko huumuka kama unga wa maandazi, ukashika bati, mbao na kila kilicho jirani, kisha ukakauka.

Ziko aina mbili, na bei zake hazilingani. Povu laini lina vitundu vilivyo wazi. Ukilibonyeza kwa kidole hubonyea. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 8 hivi. Povu gumu lina vitundu vilivyofungwa, kila kimoja kikiwa na gesi ndani yake, na uzito wake kwa kawaida ni kilo 30 hadi 40. Povu gumu huzuia joto zaidi kwa unene ule ule, na pia huzuia mvuke usilifikie bati. Povu laini huruhusu mvuke kupita. Chini ya bati la baridi mvuke huo waweza kugeuka maji mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Muuzaji akisema “povu” bila kutaja aina, bado hajasema kitu.

Gesi za kuumulia nazo zina historia yake. Zile za zamani ziliharibu tabaka la ozoni na zikapigwa marufuku hatua kwa hatua kufuatia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Zilizochukua nafasi yake huongeza joto la dunia, nazo zinapunguzwa chini ya marekebisho yaliyokubaliwa Kigali mwaka 2016. Mapipa ya bei ya kutupa yafaa yaulizwe umri wake.

Hesabu ya unene

Muuzaji hupenda kuuza unene, kwa kuwa unene ndio kilo, na kilo ndizo fedha. Basi hesabu hii ifuatwe kwa utulivu. Joto lipitalo katika bati tupu lihesabiwe kuwa mafungu 100. Ukipuliziwa unene wa sentimita 5 za povu gumu, mafungu yanayopita hushuka hadi 9 hivi. Ukiongezwa unene mwingine kama huo ukafika sentimita 10, yanayopita ni 5 hivi. Sentimita tano za kwanza zimezuia mafungu 91. Tano za pili zimezuia 4 tu, na gharama yake ni ile ile. Wakati huo huo jua linaendelea kuingia kwa madirisha na kupasha kuta za magharibi, ambazo povu la paa haliziangalii kabisa. Katika nchi zenye theluji, ambako nyumba hupashwa moto kwa miezi mingi, unene mkubwa hurudisha gharama yake. Tanga au Mwanza haurudishi.

Sasa kilo. Ichukuliwe nyumba ambayo paa lake, likipimwa kwa kufuata mteremko, lina mita za mraba 100. Mkataba wasema sentimita 5 za povu gumu lenye uzito wa kilo 35 kwa mita ya ujazo. Mita 100 mara mita 0.05 ni mita za ujazo 5. Mara 35 ni kilo 175. Hizo ndizo kilo zinazopaswa kuonekana zimetoka katika mapipa mawili kwa pamoja, na nyongeza kidogo kwa kinachopotea hewani na katika usafishaji wa mashine. Mapipa yapimwe kwa mizani kabla ya kazi na baada yake. Mizani ya chama ya kupimia mazao hutosha kabisa. Zikikutwa zimetumika kilo 105, basi povu lililopo juu ni la wastani wa sentimita 3, na sehemu mbili kati ya tano za kazi iliyolipiwa hazipo.

Mizani hutoa wastani tu. Kwa hiyo mjumbe apande ngazi akiwa na waya mwembamba wenye alama ya sentimita, autie katika povu lililokwisha kauka mpaka uguse bati, na asome. Apime mahali pasipopungua ishirini, hasa karibu na kofia ya paa na kwenye pembe za chini, kwa sababu huko mkono wa mpuliziaji huchoka. Matundu hayo madogo huzibwa baadaye. Fundi mwaminifu hapingi kupimwa.

Hatari zilizo juu ya dari

Aisosayaneti huleta ugonjwa wa pumu. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa aweza kubanwa kifua hata kwa kiasi kidogo sana siku za baadaye. Mpuliziaji hana budi kuvaa mavazi yanayomfunika mwili mzima na kifaa cha kupumulia kinacholetewa hewa safi kwa mpira. Kitambaa kilichofungwa puani si kinga. Wakazi wote, pamoja na wapangaji wa chumba cha uani, hutoka na kukaa nje ya nyumba kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, ambao mara nyingi ni saa 24, huku hewa ikipitishwa. Mkataba useme ni nani atakayegharamia malazi ya usiku huo.

Hatari ya pili ni moto. Povu hili huungua, hata lile lililotiwa dawa ya kupunguza kasi ya moto, na moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi na sianidi ya hidrojeni. Sheria za ujenzi za Marekani hudai kwa kawaida litenganishwe na vyumba kwa ubao wa jipsamu wenye unene wa milimita 12.7 au kwa kinga iliyo sawa nao. Nyumba ambayo jiko lake la kuni halina dari haifai kupuliziwa povu, na hapa hakuna mjadala. Waya za umeme zilizochakaa zibadilishwe kwanza, maana zikishazikwa ndani ya povu hupata joto kuliko zilivyokuwa hewani. Vile vile tabaka moja lisipuliziwe kwa unene uliozidi maagizo, kwa sababu povu hutoa joto lake lenyewe linapoumuka na laweza kuungua kutoka ndani.

Paa lisiloonekana tena

Jambo zito kuliko yote halitajwi katika karatasi za matangazo. Povu likishapuliziwa, paa halikaguliki. Kenchi na papi zimefunikwa. Msumari uliolegea ukiruhusu maji, maji hayaonekani mahali yalipoingia. Husafiri kati ya bati na povu, yakaozesha mbao kimya kimya. Mchwa hawali povu, lakini hupenya ndani yake, na njia zao za udongo, ambazo mwenye nyumba angeziona na kuzikwangua, hazionekani. Bati moja likitoboka haling'olewi peke yake bila kukata povu lililolishika.

Wenye nyumba wengi wa Uingereza wamelijua hilo kwa gharama. Huko nyumba nyingi zilipuliziwa povu darini, na katika miaka ya 2020 baadhi ya mabenki na vyama vya kukopesha wenye nyumba vilikataa kutoa mikopo juu ya nyumba hizo, kwa kuwa mthamini hakuweza kuziona mbao na kusema ni nzima. Wapo waliolipa mara ya pili ili povu likwanguliwe, ndipo nyumba iuzike. Kamati ya mikopo inayopokea nyumba kuwa dhamana yafaa ilifikirie hilo.

Dawa za bei ndogo

Kabla ya povu zipo njia nyingine. Rangi nyeupe ya paa ikiwa mpya hurudisha kiasi cha robo tatu ya mwanga wa jua, na kazi yake huonekana siku ile ile. Chokaa hufanya vivyo hivyo kwa bei ndogo, lakini mvua huiosha na hupakwa tena kila mwaka. Karatasi ya aluminiamu inayotandazwa chini ya papi, ikiachiwa nafasi ya hewa na upande unaong'aa usishike vumbi, hukata sehemu kubwa ya mnururisho. Dari ya kawaida nayo huzuia bati lisimtazame aliyelala. Matundu yenye wavu chini ya ukingo wa paa na karibu na kofia hutoa mvuke wa usiku na kuwazuia popo.

Povu lina mahali pake. Nyumba za Njombe na Makete, ambako baridi ya Juni na Julai huleta hata sakitu, hufaidika nalo usiku na mchana. Chumba cha baridi cha maziwa au samaki hakiwezi kufanya kazi bila kinga ya namna hii, na huko gharama hurudi kwa umeme usiotumika. Paa chakavu la geji 30 katika joto la pwani lapaswa kwanza kubadilishwa bati.

Utaratibu wa mkopo

Kamati itake bei kutoka kwa mafundi watatu, kila mmoja akitaja aina ya povu, uzito kwa mita ya ujazo, unene na kinga ya moto. Mjumbe mmoja akague paa likiwa tupu, aandike hali ya mbao na bati, na picha ziwekwe katika jalada la mkopaji. Malipo yaende kwa fundi kwa awamu, na theluthi moja ibaki mpaka vipimo vya waya na mizani viandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili, mkopaji akiwapo.

Maswali ya kikundi

1. Paa lina mita za mraba 140. Mkataba ni sentimita 4 za povu gumu la kilo 35. Ni kilo ngapi zitoke katika mapipa?

2. Mwanachama anaomba mkopo wa povu la sentimita 10 kwa nyumba iliyoko pwani. Ni maswali gani aulizwe kabla ombi lake halijaamuliwa?

3. Matone yameonekana alfajiri chini ya bati la ghala la chama, na usiku haikunyesha. Elezeni yalikotoka, na mtaje njia mbili za kuyazuia zisizohitaji povu.

4. Ni mapaa mangapi ya wanachama wa chama chenu yamekwisha kuwekwa dhamana bila mjumbe yeyote kupanda darini?