Je, Siku Yao Ilikuwa Imefika?

Mafungu ya Juma Hili: Matendo 27, Luka 13:1–5, Kumbukumbu la Torati 22:8, 30:15–20, Yohana 8:31–36.

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 30:19.

Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora, kisiwani Ukerewe, kuelekea Ukara. Ilikuwa siku ya gulio, na watu walikuwa wakirudi nyumbani na mizigo yao. Kivuko hicho, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Miaka 22 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Mamia walikufa, na wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma.

Katika misiba ya namna hii, matangani husikika maneno yaleyale: siku yao ilikuwa imefika, kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo yamewafariji wengi, wala si kazi ya somo hili kumnyang'anya mfiwa faraja yake. Lakini yakigeuzwa kuwa fundisho, yana gharama. Kama saa ya kila abiria ilikuwa imekwisha kuandikwa, basi anayejaza chombo kupita kiasi hana kosa. Ametimiza tu ratiba ya mbinguni. Na lawama yote humwangukia Mungu.

Soma Luka 13:1–5. Yesu alikataa maelezo gani kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu?

Hakusema kwamba walikuwa waovu kuliko wengine. Wala hakusema kwamba siku yao ilikuwa imefika. Aliwageukia walio hai akawaita watubu, na wito wa kutubu hauna maana kwa mtu asiyeweza kugeuka.

Soma Matendo 27:9–12 na 27:21–32. Ni maamuzi gani ya wanadamu yanayoonekana katika safari hiyo?

Paulo alionya mapema kwamba safari ingeleta hasara. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko mfungwa. Wengi wakaunga mkono, kwa kuwa bandari waliyokuwamo haikufaa kukaa wakati wa baridi. Hakuna aliyewasukuma, upepo wenyewe ulianza kwa upole. Kisha dhoruba ikaja. (Yeyote aliyewahi kuvuka ziwa asubuhi tulivu na kurudi jioni anaijua habari hiyo.)

Jambo la ajabu zaidi liko mbele kidogo. Katika fungu la 24 malaika anamwahidi Paulo kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye. Ahadi imetolewa. Lakini mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, Paulo hakukaa kimya akisema kwamba Mungu ameshaamua. Alimwambia akida kuwa hao wasipobaki merikebuni, hawataokoka. Askari wakakata kamba za mashua, na watu wote 276 wakafika nchi kavu. Ahadi ya Mungu haikufuta uamuzi wa wale askari. Ilipitia humo humo. Mungu alijua mwisho wa safari, lakini kujua kwake hakukushika kisu kilichokata kamba.

Ndiyo maana Torati inashuka hadi kwenye paa la nyumba. Kumbukumbu la Torati 22:8 linamwagiza mjenzi aweke ukingo kuzunguka dari, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Mungu anayeagiza ukingo hakubali kisingizio kwamba aliyeanguka alipangiwa kuanguka. Idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye kivuko ni ukingo wa aina hiyo.

Hata hivyo, uhuru haukugawanywa sawa. Mama wa Ukara aliyetaka kurudi kwa wanawe siku ile hakuwa na vivuko vitatu vya kuchagua. Kibarua wa mtumbwi wa dagaa, mwenye deni kwa tajiri wake, ana nafasi finyu ya kukataa anapoambiwa aingie ziwani Ijumaa usiku. Biblia haidai kwamba kila mtu anaweza lolote. Yohana 8:34 linakwenda mbali zaidi: kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi. Utashi upo, ila umejeruhiwa, na Mwana ndiye anayeufungua (fungu la 36). Anaufungua, lakini hauchukui mahali pake; baada ya kufunguliwa, mtu bado anaulizwa atamtumikia nani.

Maswali ya Kujadili

Mshiriki mwenzenu amefiwa na mtoto katika ajali ya ziwani, naye anasema ni mapenzi ya Mungu. Mtamwambia nini siku ya msiba, na nini baada ya miezi sita? Kwa nini majibu hayo mawili yanaweza kutofautiana?

Kibarua anayetaka kuitunza Sabato anaogopa kufukuzwa kazi. Je, kanisa linawajibika kuupanua uhuru wake, au ni kumhimiza tu awe na imani? Taja jambo moja ambalo darasa lenu linaweza kumfanyia kabla ya Ijumaa ijayo.