Fundisho: Kusimamisha santrali ya telefone ndani ya serveri

Biro kubwa iko na santrali, ile mashini inayounga telefone ya huyu na ya yule. Mwaka 1999, Mark Spencer, kijana wa Alabama ku Marekani, alikuwa na kampuni ndogo na bei ya santrali ilimshinda. Akaandika programu yake mwenyewe, Asterisk (ni jina la alama *), akaitoa bure.

Kuiweka ndani ya Linux si nguvu sana. Shusha fungu la programu, lifungue, ingia ndani, andika ./configure. Ikisimama, usipigane nayo: soma mistari ya mwisho, mara nyingi inataja kitu kinachokosa. Kisha make, kisha make install. Mara ya kwanza tu, make samples, ili upate mifano.

Kazi yenyewe iko ku /etc/asterisk. Ndani ya pjsip.conf unaandika kila telefone na neno lake la siri. Ndani ya extensions.conf, chini ya kichwa kilekile ulichopatia ile telefone, unasema mtu akipiga 101 iite kwa sekretere:

exten => 101,1,Dial(PJSIP/sekretere,20)

Ile 20 ni sekunde za kungojea. Maandiko ya zamani yanataja sip.conf, njia hiyo iliondolewa mwaka 2023 katika toleo la 21, usipoteze wakati.

Sasa sikieni muzuri: telefone 101 isipewe neno la siri 101! Wezi wanapimapima mlango 5060 usiku na mchana. Wakiingia, wanapiga ku inchi za mbali, na ni ninyi mtalipa.