Waheshimu Baba na Mama, Hata Ukiwa Mbali

Masomo: Marko 7:9-13, 2 Wakorintho 8:10-15



Wengi wetu tunaijua simu ya usiku kutoka nyumbani: mama anahitaji dawa, ada ya mdogo wetu haijatimia, paa limeezuliwa na upepo. Na huku tulipo kodi ya nyumba inadaiwa. Tufanyeje? Neno la Mungu linatuongoza katika mambo matatu.

1. Tusijifiche nyuma ya sadaka. Yesu aliwakemea Mafarisayo na waandishi kwa desturi ya Korbani. Mtu alitangaza kwamba mali yake ni wakfu kwa Mungu, kisha akaachwa asiwasaidie tena wazazi wake. Yesu alisema kwamba kwa desturi hiyo waliitangua amri ya Mungu. Basi hata bahasha yetu ya Jumapili isiwe kisingizio cha kumsahau mzazi mwenye shida.

2. Tutoe kwa kadiri ya tulicho nacho. Paulo alipokusanya msaada kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, aliwaeleza Wakorintho kuwa Mungu hamdai mtu kile asicho nacho, wala hakutaka wengine wapate nafuu huku wao wakilemewa. Kukopa ili tuonekane tumefanikiwa Marekani si kumheshimu mzazi. Paulo alishauri pia kila mtu atenge kitu siku ya kwanza ya juma (1 Wakorintho 16:2). Mume na mke wakae mezani, wahesabu mapato, wapange fungu la wazazi wa pande zote mbili. Kinachotumwa kwa siri huleta ugomvi. Kilichopangwa pamoja huleta amani.

3. Tuseme kweli. Yesu alitufundisha kuwa watu wa neno moja (Mathayo 5:37). "Mama, mwezi huu nimejaliwa hiki tu" ni jibu la heshima kuliko kuzima simu, au kuahidi tusichoweza kutimiza. Na heshima si fedha tu. Mzee hufurahi kusikia "shikamoo" ya mjukuu wake, hata kama Kiswahili cha mtoto ni cha kuokoteza.

Maswali ya kujadili nyumbani

- Ni lini mara ya mwisho tulipiga simu kwa wazazi kuwajulia hali tu, bila kuombwa kitu?
- Je, katika ndoa yetu kila mmoja anajua kinachotumwa nyumbani?
- Ni ahadi gani tuliyowapa wazazi ambayo bado hatujaitimiza, na tutawaambia nini?

Zoezi la juma hili: Pigeni simu moja nyumbani mkiwa na watoto, ulizeni habari za wazee, kisha ombeni pamoja nao kabla ya kuagana.

Sala: Bwana, tupe mkono ulio wazi na ulimi wa kweli. Uwatunze wazazi wetu tusikoweza kufika. Amina.