Kukua kwa Uwezo wa Kutawala Mihemko

Mtoto mchanga aliaye kwa njaa au hofu hana njia nyingi za kujituliza. Aweza kunyonya kidole au kugeuza uso, lakini aghalabu hutulia pale mlezi ambebapo na kumbembeleza. Hivyo mihemko hutawaliwa kwanza na mtu mwingine, kisha uwezo huo humwingia mtoto mwenyewe polepole.

Katika miaka ya 1960 na 1970, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwataka watoto wadogo wachague kula peremende moja papo hapo, au kungoja wapewe mbili. Waliojishughulisha kwa kuimba au kufunika macho waliweza kungoja zaidi kuliko walioikodolea macho. Tena, walioelekezwa kuifikiria kana kwamba ni wingu jeupe walingoja muda mrefu. Ni dhahiri kuwa subira ina mbinu, na mbinu hufundishika.

Malezi nayo yana nafasi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha watoto wenye umri wa miaka 4. Watoto wa wakulima Wanso wa Kameruni waliofaulu kungoja walikuwa wengi zaidi kuliko wenzao wa Ujerumani.

Wakati wa kubalehe hutokea mvutano. Sehemu za ndani za ubongo zinazoamsha mihemko, mathalani amigdala, huwa nyepesi kuchochewa, hali sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ipimayo matokeo ya vitendo, huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi. Ndiyo sababu mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kueleza vema madhara ya ugomvi akiwa ametulia, kisha akapigana mbele ya wenziwe.

Je, adhabu yatosha? Majaribio ya James Gross, yaliyochapishwa mwaka 1998, yalionyesha kuwa mtu aufichaye mhemko huubadilisha uso wake tu. Hisia yenyewe haipungui. Alitazamaye jambo kwa namna nyingine hupunguza hisia yenyewe. Mwanafunzi anayeogopa fimbo hujifunza kuficha hasira. Anayeulizwa, baada ya kutulia, "Mwenzako alikusudia nini?" hujifunza kuitawala.

Zoezi: Taja jambo moja lililokukasirisha juma hili, kisha ulieleze kwa namna mbili tofauti.