KUZIBA GATA KWA SILIKONI BILA BUNDUKI



Mvua ikinyesha usiku, simama mlangoni usikilize. Ukisikia maji yakimwagika kando ya ukuta, mahali ambapo vipande viwili vya gata vimeungana, jua kwamba hayo ni maji yako yanayopotea. Kiangazi kikija, mama na watoto watakwenda kuyatafuta maji yale yale mtoni, mtungi mgongoni. Somo la mwezi huu ni namna ya kuziba viungo vya gata kwa silikoni, hata kama huna ile bunduki ya kuisukumia.

Hesabu ya maji

Kwanza tufanye hesabu, maana mkulima asiyehesabu hajui hasara yake. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mabati la mita 8 kwa 5 ina mita 40 za mraba. Basi mvua ya milimita 25 huleta lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Ikiwa kiungo kibovu kinamwaga robo tu ya maji hayo, umepoteza mitungi zaidi ya 12 kwa mvua moja. Tena maji yanayomwagika hapo huchimba msingi wa nyumba na kuozesha kuta za udongo.

Kuchagua silikoni

Silikoni huuzwa katika duka la vifaa vya ujenzi, katika tyubu ndefu ya plastiki yenye mililita 280 au 300. Iko pia tyubu ndogo ya kubinywa kwa mkono kama dawa ya meno. Kama una kiungo kimoja au viwili tu, nunua hiyo ndogo. Haihitaji bunduki wala kazi nyingine.

Soma maandishi kabla ya kulipa. Silikoni yenye harufu kali ya siki haifai kwa mabati wala saruji, kwa sababu asidi yake hula ile zinki iliyopakwa juu ya bati, na baadaye kutu huingia. Tafuta tyubu iliyoandikwa "neutral". Jambo la pili, silikoni za bafuni mara nyingi hutiwa dawa ya kuua kuvu. Kama maji ya tangi lako ni ya kunywa, usitumie hiyo. Chukua iliyoandikwa kwamba yafaa kugusa maji ya kunywa.

Vitu vinavyohitajika

Uwe na kisu kikali, brashi ya waya au msasa, matambara makavu, spiriti kidogo, msumari mrefu, maji ya sabuni katika kikombe, na mti mnyoofu uliokatwa sawasawa mwishoni, mnene kama mpini wa jembe. Uwe pia na pakiti tupu ya maziwa iliyooshwa na kukaushwa kabisa.

Kutayarisha mahali

Hapa ndipo wengi hukosea. Silikoni haishiki juu ya vumbi, kutu, mafuta wala maji. Haishiki vizuri hata juu ya silikoni ya zamani. Chagua siku kavu, kabla ya mvua ndefu za Machi au mvua fupi za Oktoba. Ondoa majani na matope katika gata. Kwangua silikoni kuukuu yote kwa kisu. Sugua kutu mpaka bati safi lionekane, kisha pangusa kwa tambara lenye spiriti na uache pakauke.

Angalia pia kama kiungo kimefungwa imara kwa ribiti au skrubu. Silikoni huziba tu, haibebi uzito. Kiungo kinachocheza kitapasuka tena hata ukipaka tyubu nzima. Kipande cha gata cha upande wa juu yafaa kilale ndani ya kile cha upande wa chini, ili maji yapite bila kukutana na ukingo.

Kutoa silikoni katika tyubu

Kata ncha ya tyubu, toboa kwa msumari ile ngozi iliyo ndani, kisha fungia mdomo wake na ukate mdomo huo kwa mshazari. Nyuma ya tyubu utaona kisahani cha plastiki. Bunduki ikiwapo, kazi yake ni kusukuma kisahani hicho tu. Mti wako utafanya kazi hiyo hiyo.

Mtu mmoja ashike tyubu kwa mikono miwili, na mwenzake asukume kisahani kwa mti, polepole na kwa unyoofu. Mti ukiwa mwembamba mno, au ukienda upande, kisahani kitalala na silikoni itatokea nyuma.

Lakini kazi hii ifanywe chini, si juu ya ngazi. Mwenye bunduki hubaki na mkono mmoja wa kujishikia. Mwenye kusukuma kwa mti hana mkono uliobaki, na mti ukiteleza ataanguka. Kwa hiyo, kama huwezi kuiteremsha gata, sukumia silikoni ndani ya ile pakiti ya maziwa, kiasi cha vijiko viwili au vitatu. Kunja sehemu ya juu, kata pembe moja ndogo ya milimita 5, kisha panda ngazi na pakiti mkononi huku mtu akiishika ngazi. Utaibinya kwa mkono mmoja. Fanya haraka, maana silikoni huanza kujenga ngozi baada ya dakika 10 hivi. Usijaze pakiti kupita kiasi cha kiungo kimoja.

Kupaka

Kama unaunga vipande upya, weka mstari mmoja wa silikoni katikati ya vipande viwili kabla ya kuvifunga kwa skrubu. Kisha weka mstari wa pili ndani ya gata, juu ya mshono, usioachana popote. Unene wa milimita 6 watosha. Kwa unene huo tyubu ya mililita 300 hutoa mstari wa mita 8 hivi, na yaweza kutosha viungo 10 vya gata ya kawaida.

Chovya kidole katika maji ya sabuni, upitishe mara moja juu ya mstari, ukiukandamiza pande zote mbili. Sabuni huzuia silikoni isishike kidole. Ila maji ya sabuni yasiguse bati kabla ya silikoni kuwekwa, kwa maana haitashika. Usiache kilima, maana kitazuia maji na kukusanya majani. Mikono ikichafuka, pangusa kwa tambara kavu kwanza, ndipo unawe. Usijiguse macho.

Kungoja na kujaribu

Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kuingia ndani, kadiri ya milimita 2 au 3 kwa siku. Ngozi ya juu ikiwa kavu, usidhani kazi imekwisha. Ngoja siku 2 au 3 kabla ya kuruhusu maji kupita. Kisha mimina debe la maji katika gata na utazame chini ya kila kiungo. Mvua ya kwanza ikinyesha, acha maji yake yasafishe paa na gata kabla ya kuyaelekeza tangini.

Silikoni iliyobaki katika tyubu, ziba mdomo wake kwa msumari. Wakati mwingine utatoa kipande kilichokauka na kuendelea.

Huenda utasema, mbona nisinunue bunduki? Ikiwa una nyumba, ghala na zizi vya kuziba, inunue, au mchangie majirani wanne muwe na moja. Lakini usiache maji yamwagike msimu mzima kwa kuingoja.

Maswali ya kujipima

1. Paa lako lina mita ngapi za mraba, nalo hutoa lita ngapi kwa mvua ya milimita 25?
2. Kwa nini silikoni yenye harufu ya siki haifai kwa bati?
3. Kwa nini hatusukumi tyubu kwa mti tukiwa juu ya ngazi?
4. Katika gata yako ni viungo vingapi vinavyovuja? Usikisie. Nenda ukavihesabu leo, kabla mawingu hayajakusanyika.