Barabara Kuu na Ndege wa Nairobi

Mtu akisimama asubuhi katika Barabara ya Kenyatta, katikati ya mji wa Nairobi, na ainue macho yake. Atamwona mwewe akizunguka angani, kunguru ametua juu ya nguzo ya taa, na shomoro wakiokota makombo mlangoni pa hoteli. Kisha na aende hadi bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, asikilize. Mwendo si mrefu, lakini huko atasikia kurumbiza, chozi, shore na wengine ambao mjini ni shida kuwaona.

Kwa nini iwe hivyo? Yapasa tutofautishe idadi ya ndege na aina zake. Barabara haiwafukuzi ndege wote. Kunguru na mwewe hula takataka, hata panya aliyepondwa na motokaa, basi kwao barabara ni meza iliyoandaliwa. Kwa hiyo ndege waweza kuwa wengi kama zamani, huku aina zake zikipungua.

Jambo la kwanza ni miti. Katika mitaa ya magharibi, kama Westlands, Lavington na Kileleshwa, nyumba nyingi zilikuwa na bustani kubwa na ua wa majani. Barabara ikipanuliwa, miti ya kando ndiyo hutangulia kuanguka. Wasomaji watakumbuka habari za Novemba 2020, wakati ilipokuwa ikijengwa barabara ya juu ya kilomita 27 itokayo Mlolongo hadi Westlands. Mkuyu mmoja mkubwa katika Waiyaki Way, upatao kimo cha nyumba ya ghorofa nne, ulikuwa ung'olewe. Wananchi wakapinga, na Serikali ikaamuru uachwe. Wako waliocheka kwamba mti mmoja usizuie kazi kubwa hivyo. Lakini mkuyu si kivuli tu. Mikuyu haizai yote kwa msimu mmoja. Huu ukimaliza, ule waanza, na hivyo ninga, pasa na shore hupata chakula hata miezi ambayo miti mingine ni mitupu. Aondoaye mkuyu huwa amefunga ghala.

Jambo la pili ni kelele. Ndege dume huimba ili kumwita jike na kulinda mahali pake. Ngurumo ya malori ni nzito, nayo hufunika nyimbo za sauti nzito. Mwaka 2003 wataalamu wa Uholanzi walionyesha kwamba katika mji wa Leiden ndege fulani wadogo wakaao penye kelele huimba kwa sauti nyembamba zaidi ili wasikike. Lakini si kila ndege aweza kubadili wimbo wake.

Tena wako ndege wa vichakani wasiopenda kuvuka mahali peupe. Msitu wa Karura umekatwa na Barabara ya Limuru. Kwetu ni hatua chache, kwao ni kama mto mpana.

Simaanishi barabara zisijengwe. Mgonjwa atokaye Kikuyu hawezi kungoja. Lakini mwenye kiwanja kando ya barabara aweza kupanda ua wa miti ya kienyeji badala ya ukuta mtupu. Walimu nao wawapeleke watoto mahali pawili, penye motokaa na penye miti, wahesabu aina za ndege kwa dakika kumi kila mahali, kisha waandike hesabu zote mbili ubaoni.